Shule ya Dungu: Masomo ya Nje katika Bonde la Kilombero

Elimu ya awali inapojadiliwa nchini siku hizi, husikika mara kwa mara kwamba mtoto mdogo atolewe nje, ashike udongo, ahesabu mbegu, asikilize ndege na kulinganisha majani. Hoja hiyo huletwa kama mgeni kutoka Ulaya. Hutajwa Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, Ujerumani, akaipa bustani nafasi ya heshima. Hutajwa pia chekechea za msituni zilizoanza Denmark miaka ya 1950. Watu hao wanastahili sifa yao. Lakini historia ya Ifakara na Bonde la Kilombero inadai tuanze kwingine. Huku masomo ya nje kwa watoto wadogo yalikuwepo, yakiwa na mpangilio wake, walimu wake na hata mitihani yake, kabla ya ukuta wa darasa kusimama. Shule ilipofika haikuyapuuza kabisa. Kwa karibu miaka mia moja ilijaribu mara kadhaa kuyaingiza ndani yake, na kila ilipojaribu ilibeba kazi na kuyaacha mafundisho. Tusipoitambua tofauti ya mambo hayo mawili, mipango yetu ya leo itarudia kosa lile lile kwa jina jipya.

Tuanze na ardhi yenyewe. Bonde limelala kati ya safu ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, urefu wake ukikaribia kilometa 260 na upana wake mahali pengine ukifika kilometa 50 hivi. Mito mingi inashuka kutoka Udzungwa. Masika inapokolea, mto Kilombero huvuka kingo zake na kuligeuza bonde kuwa ziwa la muda, kisha maji hupungua taratibu na kuacha tope lenye rutuba. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka hapa. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wa bondeni walijenga maisha yao juu ya mwendo huo wa maji. A. T. na G. M. Culwick walipochapisha kitabu chao juu ya Wabena hao mwaka 1935, kikiwa na sura ya Mtema Towegale Kiwanga, walikiita Ubena of the Rivers, na mito ndiyo kweli iliyowatofautisha na ndugu zao wa milimani. Mahali kama hapa, mtu mzima asiyejua maji yatafika wapi na lini hupoteza shamba, mtumbwi au mtoto. Elimu ya mazingira ilikuwa sharti la kuishi, na sharti hilo halikungoja mtoto atimize miaka saba.

Mahali pa kuiona elimu hiyo kwa karibu ni kwenye dungu. Mashamba ya mpunga bondeni mara nyingi huwa mbali na makazi, kwa hiyo familia nyingi huhamia shambani msimu wa kilimo na kukaa huko miezi kadhaa, tangu kupanda hadi kuvuna. Dungu ni jukwaa au kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mtu aweze kuliona shamba lote na kukaa juu ya unyevu. Mpunga unapoanza kutia maziwa, ndege huja kwa makundi, wakiwemo kwelea kwelea, ambao hufyonza punje ingali laini. Hapo ndipo kazi ya kuamia ndege huanza, na tangu zamani ni kazi ya watoto. Kamba hutandazwa juu ya shamba kutoka dunguni zikiwa zimefungwa makopo; mtoto akivuta moja, upande mzima wa shamba hulia. Aliyekua kidogo hutumia kombeo. Lakini tuangalie anachojifunza mtoto wa miaka minne au mitano anayekaa pale na dada yake. Anajifunza kwamba ndege hushambulia zaidi alfajiri na jioni, na kwamba mchana wa jua kali hutulia. Anajifunza kubinya punje kati ya vidole: ikitoa maziwa ni saa ya hatari, ikiwa ngumu hatari imepita. Anajifunza kutenganisha sauti ya ndege anayekula mpunga na ya yule anayekula wadudu, maana kumfukuza wa pili ni kupoteza nguvu. Anajifunza kugawa shamba kwa macho, kukadiria umbali, kuhesabu kamba, kukumbuka ni upande upi ulioshambuliwa jana. Mwalimu wa awali wa leo akitaka kuorodhesha stadi hizo kwenye andalio la somo atajaza kurasa.

Atatokea wa kusema kwamba hayo yalikuwa kazi tu, na kuyaita elimu ni kuyapaka rangi. Pingamizi hili ni zito na linahitaji jibu la kweli. Jibu la kwanza ni mpangilio. Mtoto hakupewa shamba zima siku ya kwanza. Alianza kwa kukaa na kutazama, akaenda kuvuta kamba moja akiwa na mkubwa, kisha upande mmoja wa shamba, na baadaye, akishakomaa, kulinda peke yake. Ngazi za namna hiyo, zinazopanda kwa kadiri ya umri na uwezo, ndizo zinazotofautisha ufundishaji na utumishi. Otto Raum, aliyechapisha mwaka 1940 uchunguzi wake juu ya utoto wa Wachaga, alionyesha jambo hilo kwa upande wa Kilimanjaro: michezo, maigizo na kazi ndogo ndogo za watoto zilikuwa na utaratibu uliosimamiwa na wazazi, na aliyedai kwamba Waafrika hawakuwa na malezi ya kielimu kabla ya shule alikuwa hajatazama. Jibu la pili ni tathmini. Punje zilizobaki kwenye suke zilikuwa matokeo ambayo mtoto mwenyewe aliyaona, bila kungoja mtu mzima amwambie amepata au amekosa. Jibu la tatu ni mwalimu. Alikuwa karibu, alimjua mtoto kwa jina na kwa tabia, na mara nyingi alikuwa dada, kaka au bibi, mtu ambaye naye aliwahi kukaa dunguni. Siyasemi haya kuficha upungufu wake. Elimu hiyo ilidai utii kuliko maswali, iligawa kazi za wasichana na wavulana kwa ukali, na mwaka wa njaa ilimkamua mtoto kuliko ilivyomfundisha. Ilikuwa elimu yenye kasoro, kama zilivyo elimu zote, na kasoro hazifuti kuwepo kwake.

Mtoni palikuwa na darasa la pili. Mvuvi wa bonde alitega migono kwa kufuata maji yanapopanda na yanapoteremka, na aliyefuatana naye alijifunza tabia za kambale na perege, mahali pa mamba na njia za viboko, kabla ya kukabidhiwa kasia. Na mtumbwi ulikuwa na somo lake la msitu: mti upi unachongeka, upi unaoza, upi unapasuka ukikauka. Mwanahistoria Jamie Monson ameandika jinsi sera za misitu za serikali ya kikoloni kati ya 1920 na 1940 zilivyowabana wachongaji wa mitumbwi wa bonde, wakati mpunga ulitegemea mitumbwi hiyo hiyo ili ufike sokoni. Kwa kawaida habari hiyo husomwa kama habari ya uchumi na siasa. Naiona pia kama sura ya mwanzo ya historia ya elimu ya hapa, kwa sababu mzee anapozuiwa kuukata mti, mjukuu anayemfuata hupoteza saa zote ambazo angekaa akiangalia shoka likizunguka gogo. Ujuzi wa miti haukupigwa marufuku na mtu yeyote. Uliondolewa tu mahali ulipokuwa ukirithishwa.

Shule za wamisionari zilikuja na daftari, sala na kengele, na wazazi waliona upesi faida ya kusoma na kuandika. Cha kushangaza ni kwamba wakoloni wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika kwamba shule imemtenga mtoto na mazingira yake. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikishauri masomo yaendane na kilimo, afya na maisha ya kijijini. Jaribio mashuhuri la fikra hiyo lilifanyika ng'ambo ya milima ya Udzungwa, katika shule ya Malangali mkoani Iringa, ambako mwishoni mwa miaka ya 1920 W. B. Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za wenyeji, wazee wakishiriki kufundisha na ngoma zikiwa sehemu ya ratiba. Jaribio halikudumu. Lilikuwa na mawazo mazuri ndani yake, lakini lilibeba shaka ambayo hakuna ngoma iliyoweza kuiondoa: kwa nini mtoto wa Mzungu afundishwe hesabu na lugha ya ofisini, na wa Mwafrika afundishwe kubaki alipo? Mzazi aliyekuwa na shaka hiyo hakuwa adui wa mazingira. Aliona kwamba masomo ya nje yametengwa kwa watu wa daraja la chini, na katika utawala ule alikuwa sahihi. Doa hilo halijafutika. Hadi leo mzazi wa Ifakara akiambiwa mwanawe ametumia asubuhi kupanda mbegu, wazo la kwanza linaloweza kumjia ni kwamba mtoto amepotezewa muda.

Doa liliongezeka baada ya Uhuru, ingawa nia ilikuwa njema. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao bado naona ndio bora zaidi uliowahi kuandikwa na kiongozi wa Kiafrika juu ya shule. Aliona kwamba elimu ya kurithi iliwatenga vijana na jamii, ikatukuza vitabu na kudharau ujuzi wa wazee. Alitaka kila shule iwe jumuiya inayozalisha, na shamba la shule liwe mahali pa kufikiri: wanafunzi wapange, wapime matokeo, waamue pamoja. Lakini katika shule nyingi kilichotekelezwa ni jembe bila mjadala. Watoto walilima, mavuno yakauzwa, na shamba likageuka adhabu ya aliyechelewa. Somo lililopaswa kuunganisha hesabu na udongo likawa kipindi cha jasho. Tena waraka ule ulishauri mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka saba hivi, ili amalizapo awe amepevuka vya kutosha kufanya kazi. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi sita alibaki mikononi mwa familia au mwa vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo vilikuja kupata sheria yake mwaka 1981. Umri ambao mtoto hujifunza zaidi kwa mikono na miguu ukakaa nje ya fikra kuu ya elimu ya taifa, na hapa bondeni dungu likaendelea kuufundisha kimya kimya.

Pigo kubwa kwa dungu lilitokana na makazi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwaweka karibu na barabara, na karibu na reli ya TAZARA iliyokuwa ikijengwa wakati huo huo kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Shule, zahanati na duka vilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema lenye uzito. Lakini mashamba ya mpunga hayakuweza kuhama na watu. Nyumba ikabaki kijijini, riziki ikabaki bondeni, na familia ikapasuliwa na kalenda. Shule hufunguliwa Januari, wakati familia zinahamia mashambani. Muhula unaendelea wakati ndege wanashambulia. Mtoto akienda dunguni anaitwa mtoro, akibaki kijijini anabaki na bibi au na jirani. Katika mfumo huo mahali pawili pa kujifunza pamefanywa maadui, kila pahali pakimpata mtoto kwa kupanyang'anya pengine. Hakuna aliyekaa mezani na kuamua iwe hivyo. Kalenda ya nchi nzima ilipangwa bila kuutazama mpunga wa Kilombero, ikaachwa ifanye kazi yake.

Hoja ya afya ndiyo inayowatia watu hofu zaidi, na kwa Ifakara ina sababu. Utafiti wa malaria uliofanywa hapa, tangu maabara iliyoanzishwa na Waswisi chini ya Rudolf Geigy miaka ya 1950 hadi Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, umeonyesha kwamba bonde hili lilikuwa miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makali sana duniani. Mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliotangaza matokeo yake mwaka 2001, ulikuta vyandarua hivyo vikihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Familia zinazohamia dunguni huwa mbali na zahanati, na kibanda cha shambani si rahisi kukikinga na mbu. Kuna pia kichocho kwenye maji yaliyotuama, mamba mtoni, nyoka kwenye majani. Anayesema turudi dunguni kama lilivyokuwa hajawahi kuhesabu makaburi. Ila hatari hizo zina saa zake na mahali pake. Mbu waenezao malaria huuma hasa usiku. Somo la saa tatu asubuhi chini ya mwembe, mbali na maji, halimwongezei mtoto malaria. Kichocho humpata anayeingia majini, na kutazama mto ukingoni ni jambo jingine. Wazee wa bonde walilijua hilo kwa njia yao, ndiyo maana mtoto mdogo alikatazwa sehemu fulani za mto na saa fulani za siku. Kuijua hatari ilipo na inapokuja ni sehemu ya masomo yenyewe, na mtoto aliyefungiwa ndani mpaka miaka saba hulikuta bonde siku moja bila mtu wa kumwonyesha.

Wapo wanaosema kwamba mazingira yenyewe yamekwisha badilika, hivyo elimu ya zamani haina pa kusimama. Ni kweli kwa sehemu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanakijiji wa pembezoni waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni, mpaka ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 2011. Bonde lenyewe likatambuliwa kimataifa kama ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na mwaka 2023 sehemu yake ikawa Pori la Akiba la Kilombero. Ziko sababu nzuri za kuilinda ardhi hii. Mashamba, mifugo na mkaa vimeila sana. Lakini kwa mtoto, kila mpaka uliochorwa umeyageuza maumbile kuwa kitu cha kutembelewa kwa gari na kibali. Safari za wanafunzi hifadhini ni nzuri, na natamani ziongezeke, ila mtoto wa Mang'ula anayepelekwa kuonyeshwa mti ambao bibi yake alikuwa akiupitia kila wiki anajifunza pia kwamba mti huo si wake. Kwa mtoto wa miaka minne, kilichopo nje ya mlango wa darasa kina thamani kuliko kilicho mbali: mfereji unaojaa masika, mchwa kwenye ukuta, mpunga ulioota wenyewe kandokando ya uwanja, kuvimba na kusinyaa kwa mto Lumemo unaopita karibu na mji.

Sera imekwisha fungua mlango. Ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima kwa walau mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mtaala wa mwaka 2016 ukaweka kutunza mazingira miongoni mwa umahiri wa kujengwa. Lakini kutunza, shuleni, huishia kufagia uwanja na kumwagilia maua mbele ya ofisi. Hapo kosa la Malangali na la shamba la shule linarudi kwa umbo dogo: kazi imebaki, mafundisho hayapo. Tofauti iko katika maswali. Mtoto anayemwagilia mche bila kuulizwa kwa nini wa kivulini umerefuka na kupauka anafanya kazi ya mtumishi. Anayepewa miche miwili aitazame wiki mbili, aipime kwa kamba, kisha aseme alichoona mbele ya wenzake, amekaa dunguni hata kama hajawahi kukanyaga shamba. Na mzazi mwenye shaka ya haki atatulia akiona kwamba kipimo cha kamba ni hesabu, na maelezo ya mtoto ni lugha, na kwamba hivyo vyote vinampeleka darasa la kwanza akiwa tayari.

Pingamizi la mwisho ndilo walimu hulitoa kwanza: darasa la awali lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, nani atawatoa nje? Historia ya bonde ina jibu ambalo shule haijalitumia. Dunguni mtu mzima hakuwa peke yake. Mkubwa kidogo alimfundisha mdogo, na kwa kufundisha naye akajua zaidi. Madarasa ya awali ya serikali yamo ndani ya shule za msingi, uwanja mmoja na wanafunzi wa madarasa ya juu ambao wengi wao wameamia ndege na wanaijua punje yenye maziwa kwa vidole. Kipindi kimoja kwa wiki ambapo kila mkubwa anashika watoto wanne, akiwa na swali moja aliloandaliwa na mwalimu wa sayansi, hakihitaji jengo wala fungu jipya la fedha. Kinahitaji mwalimu mkuu akubali kwamba alichokijua mwanafunzi huyo shambani, katika miezi ambayo daftari la mahudhurio lilimwandika mtoro, ni ujuzi unaostahili kuandikwa kwenye ratiba.